Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: swali hili umelipata wapi?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Afya House, Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

Salamu nyingi kutoka Kilifi. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, mwaka wa 17 kazini, na mwaka huu ni mwanafunzi wa uzamivu katika saikolojia ya kitabibu huko Nairobi. Ijumaa jioni napanda basi, nasoma wikendi nzima, na Jumatatu alfajiri nimesharudi kushika zamu. Nakuandikia kuhusu wanaoingia madarasa ya uzamivu, na wanakoyatoa maswali yao ya utafiti. Nina usingizi, kwa hiyo nivumilie nikiruka huku na kule.

Siku ya kwanza darasani tulikuwa sita. Mhadhiri hakufungua kitabu. Alitaka kila mmoja aseme alikuwa akifanya kazi gani kabla ya kuja pale, na anataka kutafiti nini, akawa anaandika majibu ubaoni kwa safu mbili. Kufika mtu wa tatu tukaanza kucheka wenyewe, maana safu ya kulia ilikuwa inafuata ya kushoto kama kivuli.

Wa kwanza ni mwalimu wa sekondari kutoka Bungoma. Anataka kutafiti majonzi ya watoto waliofiwa na wazazi. Alitueleza anavyoita majina asubuhi, na jina moja haliitikiwi wiki nzima, kisha mtoto anarudi kichwa kimenyolewa na darasa lote linajua bila kuambiwa. Bungoma si ngeni katika jambo hili. Utafiti uliochapishwa 2020 uliwafuata watoto 640 waliofiwa, nusu wao Bungoma na nusu Moshi, Tanzania; baadhi yao wakapewa ushauri katika vikundi na watu wa kawaida waliofunzwa kazi hiyo, si wanasaikolojia. Ilipopita miezi 12, waliopewa ushauri ule walikuwa bado na nafuu kuliko wenzao ambao hawakuupata, lakini kwa upande wa Kenya tu. Kwa nini huku na si kule? Mwalimu huyu ana wazo lake, na linahusu nani anabaki na mtoto nyumbani wageni wa matanga wakishaondoka. Wazo hilo hakulitoa maktaba.

Wa pili alikuwa askari jela. Miaka mingi alipokea watu walioletwa chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, yaani waliojaribu kujiua wakanusurika. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Yeye anauliza kuhusu wale waliopita mikononi mwake kabla ya hapo: kule ndani kuliwafanya nini, na leo wako wapi?

Kuna mfanyakazi wa jamii wa Mombasa anayewajua mateja wa Kisauni kwa majina yao ya utotoni, na anataka kujua kwa nini mtu aliyekwisha pona arosto, yale maumivu ya kuacha heroini, anayekunywa methadoni yake, dawa ya kumwezesha kuiacha, kila asubuhi bila kukosa, bado anarudi kukaa maskani ile ile. Kuna mchungaji wa kanisa dogo la huku kwetu pwani. Huyo anatafiti familia za Shakahola, kule msituni waumini walikofunga hadi kufa, zile zilizosubiri majibu ya vinasaba (DNA) ndipo zizike. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023, na ya kwanza ilikabidhiwa kwa wenyewe Machi 2024. Alisema kwa sauti ya chini, akakaa. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Wa tano kwa kuhesabu, au wa sita ukinihesabu mimi kabla yake, ni binti wa miaka 26 aliyetoka shahada ya kwanza akaingia ya uzamili akaja hapa, hajawahi kuajiriwa popote. Anataka kutafiti tiba inayotolewa kwa njia ya simu. Nakiri nilimdharau. Nitamrudia.

Sasa mimi. Ilipofika zamu yangu nilisimulia habari ya bibi mmoja wa Takaungu, na ndiyo sababu hasa ya barua hii.

Unaijua ile fomu ya maswali tisa ya kupima sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, iliyochapishwa Marekani 2001 na sasa inatumika dunia nzima. Inauliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila swali lina alama kuanzia sifuri hadi tatu, jumla ni 27, na mtu akifika 10 tunaanza kumshughulikia. Swali la kwanza, ukilitoa kwenye Kiingereza chake, linauliza kama mtu amekosa hamu au raha ya kufanya mambo yake.

Bibi alikuja kwa presha. Nikamwuliza: je, umekosa hamu? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama jua limechomoza.

"Nikose hamu? Hamu n'nayo, mwanangu. Imenijaa hata hapa." Akaweka kiganja kifuani.

Nikamwandikia sifuri. Nikampa vidonge vyake, nikaita anayefuata. Aliporudi baada ya miezi minne, leso aliyokuwa akiizungusha mara moja ilikuwa inamzunguka mara mbili, na vidonge vilikuwa vimebaki karibu vyote kwenye pakiti.

Wewe na mimi tukisikia "hamu" tunafikiri shauku. Lakini kwa wazee wetu wa pwani hamu ni huzuni pia, ile inayokaa moyoni haitoki. Ndiyo maana iliambatanishwa na mwenzake, hamu na ghamu. Watangazaji wa mpira siku hizi wanasema mashabiki wanaisubiri mechi kwa hamu na ghamu, na mimi kila nikisikia nacheka, kwa sababu ghamu ni majonzi matupu. Bibi alikuwa ananiambia ameshiba huzuni, nami nikaandika kwamba hana tatizo. Alikuwa amezika watoto wawili mwaka ule. Hilo sikumwuliza, kwa kuwa fomu haikuniuliza mimi.

Kosa lilikuwa langu, Mheshimiwa, si la fomu peke yake. Mimi nimezaliwa Kilifi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akilitumia neno hilo hivyo hivyo. Nikishavaa sare na kushika kalamu, masikio ya nyumbani nayaacha mlangoni.

Basi nikaamua kusomea hilo: wazee wa pwani wanausemaje ugonjwa wa moyo mzito, na vipimo vyetu vinasikia nini. Kwa Waswahili wa Takaungu ni neno hamu. Ukienda bara ya Kilifi, upande wa Ganze, kuna uzito mwengine kabisa. Huko mzee anayesahau sana, anayesema peke yake au asiyelala usiku anaweza kuitwa mchawi, na wapo wanaopaka nywele rangi nyeusi ili mvi zisiwaponze. Mzee wa namna hiyo utamwuliza kuhusu usingizi wake, kama fomu inavyotaka, akujibu ukweli?

Nilipopeleka wazo hili kuomba ufadhili, mfuko mmoja (sitautaja) uliniita kwenye usaili. Swali la kwanza lilikuwa nina machapisho mangapi. Sina. Swali la pili, umri. Kisha nikaambiwa mada yangu ni finyu mno, ila nikikubali kubadilisha na kuchukua mada ambayo mwaka huo ilikuwa na fedha, ombi langu litaangaliwa upya. Nilikunywa chai yao, nikashukuru, nikaenda kukopa kwenye sako.

Jopokazi la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba hali ya afya ya akili nchini itangazwe kuwa janga la taifa. Tangu hapo kila mkutano ninaohudhuria unahesabu vichwa: wataalamu wangapi tunao, wangapi wanahitajika. Ni haki kuhesabu. Ninachokuomba ni uangalie pia ni kina nani wanaoingia kwenye madarasa haya ya uzamivu, maana hao ndio watakaochagua nini kitafitiwe kwa miaka 20 ijayo, na ndio watakaofundisha wengine.

Katika ufadhili wowote unaopita mezani kwako, naomba fomu ya maombi iongezwe swali moja: swali lako la utafiti umelipata wapi? Na jibu lipewe uzito kama zinavyopewa alama za mtihani. Muuguzi, mwalimu, askari jela wasiwe wanashindana na vijana kwa kipimo kilichotengenezewa vijana. Najua kwamba sisi wa hospitali za kaunti tuko chini ya magavana tangu 2013, na kwamba likizo ya masomo haitoki kwako. Lakini ukikaa na Baraza la Magavana unasikilizwa, na mtu anayelala kwenye basi siku mbili kwa wiki ili asome hawezi kuwahudumia wagonjwa sawasawa siku tano zilizobaki. Nasema hivyo kwa kujiona mwenyewe.

Lingine ni dogo, halina gharama ya kutisha. Kila tasnifu iliyokusanya majibu ya wagonjwa katika hospitali au zahanati ya umma ilazimike kurudi pale ilikochuma, kurasa mbili kwa Kiswahili, zibandikwe ukutani. Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Katika miaka yangu yote nimewasaidia watafiti wengi kupata wagonjwa wa kuhoji. Waliorudi kutuambia walichokuta nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vinabaki.

Wala usidhani haiwezekani kuanzia hapa hapa. Profesa Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo cha ukuaji wa watoto wadogo hapa Kilifi, kikapewa jina la Kilifi, kwa kuangalia watoto wa huku wanacheza na nini na wanafanya nini. Wazee nao wanastahili chao.

Nilisema nitamrudia yule binti. Nilipomaliza kusimulia habari ya bibi, darasa lilikuwa kimya, wengine wanatikisa kichwa kwa huruma, nami nakiri nilikuwa naionea fahari kidogo hadithi yangu. Yeye akanyoosha mkono: "Na wengine wangapi waliandikiwa sifuri kwenye swali la kwanza?"

Sikuwa nimejiuliza. Miaka 17 ya kujaza fomu ile, na haikunijia hata siku moja kuzipanga na kuhesabu. Sasa ananifundisha takwimu Jumamosi baada ya vipindi, mimi namfundisha namna ya kukaa na mgonjwa asiyetaka kusema, na swali lake la simu limeanza kubadilika tangu nilipomweleza kwamba katika nyumba nyingi ninazozijua simu ni moja, tena ya mjukuu. Kwa hiyo usinielewe kwamba nataka vijana wafungiwe mlango. Darasa la wauguzi watupu lingekuwa na masikio na lisijue kuhesabu.

Nimeambatanisha nakala ya fomu, swali la kwanza nimelizungushia wino mwekundu. Bibi yuko hai, anakunywa dawa zake, na nimempa habari kwamba nakuandikia. Amesema ukija Takaungu atakueleza mwenyewe hamu ni nini, ila uje kabla ya adhuhuri, maana mchana hulala.

Wako katika utumishi,
Muuguzi na mwanafunzi wa uzamivu,
Kilifi.