Kabla ya Kufuta Windows kwenye Laptopu Yako

Windows 10 iliachwa bila masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi zenye mfumo huo hazikubali Windows 11 kwa kuwa hazina TPM 2.0 (chipu ya usalama) au prosesa yake imezeeka. Kwa Linux, mfumo endeshi wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, mashine hizo bado zina miaka ya kazi. Linux Mint, mojawapo ya matoleo yake, huridhika na RAM ya GB 2, ingawa ukishafungua kivinjari utatamani 4 au 8, na diski ya GB 20 inatosha kuanzia. Kwenye SSD, usakinishaji kwa kawaida hauzidi nusu saa. Wanaokwama, wengi wao wamekwamishwa na jambo waliloliruka mapema.

La kwanza ni BitLocker, kipengele cha Windows kinachosimba diski, yaani kuifunga isisomeke bila ufunguo. Laptopu nyingi diski yake imeshasimbwa na mwenyewe hana habari. Siku atakapogusa mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta), Windows inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Asipokuwa nao, faili hazifunguki, na hapo hata sisi mafundi hatuna ujanja. Mara nyingi ufunguo huo umo kwenye akaunti yako ya Microsoft: uandike kwenye karatasi, au zima BitLocker na usubiri diski isimbuliwe yote.

Kisha nakili faili zako kwenye diski ya nje na uzifungue kwenye kompyuta nyingine, uone zinasomeka kweli. Nakala iliyoachwa kwenye D ya laptopu ileile usiihesabu. D kwa kawaida ni patisheni tu, yaani sehemu, ya diski hiyohiyo, na ukichagua kufuta diski nzima, C na D zinaondoka pamoja.

Fleshi iwe ya GB 8. Pakua faili la ISO (lenye Linux nzima) kwenye tovuti rasmi, linganisha SHA256 yake (namba ya kuthibitisha kuwa faili halijaharibika) na ile ya tovuti, kisha liandike kwenye fleshi kwa programu ya Rufus au balenaEtcher. Kulinakili tu kama unavyonakili muziki hakutaifanya fleshi iwake. Ukiwasha laptopu, ili uchague ianzie kwenye fleshi, bonyeza F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP, Esc kwa Asus.

Usisakinishe bado. Linux itafunguka kutoka kwenye fleshi bila kugusa diski, na hapa ndipo pa kutulia: jaribu sauti, kamera, mwangaza wa skrini, printa, funika laptopu ilale, ifunue uone kama inaamka. Msumbufu mkubwa ni Wi-Fi, hasa chipu za Broadcom. Ikigoma, chomeka simu kwa waya wa USB, igawie laptopu intaneti, halafu tafuta draiva kwenye kidhibiti cha draiva cha Mint. Za kadi za michoro za NVIDIA nazo ziko humo. Ukiweka draiva hizo kwenye Linux iliyokwisha kusakinishwa, na Secure Boot (kinga ya BIOS inayozuia programu zisizoidhinishwa) ikiwa imewashwa, utaombwa kuweka nenosiri, na ukiwasha upya itatokea skrini ya bluu ya MOK, ya kuidhinisha draiva, ikitaka nenosiri hilohilo. Wengi huishtukia, wakaipita, kisha wakashangaa draiva haifanyi kazi.

Kisakinishi kisipoiona diski kabisa, mara nyingi chanzo ni Intel RST, namna ya Intel ya kuendesha diski. Kwenye BIOS badilisha iwe AHCI, namna ya kawaida. Lakini kama Windows inabaki, usibadilishe ghafla, maana inaweza kukataa kuwaka. Ipange kwanza iwake katika hali salama (Safe Mode), ndipo ubadilishe.

Wanaobakiza mifumo yote miwili wapunguze patisheni wakiwa ndani ya Windows, waache angalau GB 50, na wazime kipengele cha kuwaka haraka (Fast Startup) cha Windows, la sivyo Linux haitaweza kuandika kwenye faili za Windows. Saa ikianza kuvurugika kila unapohama mfumo, amri ya timedatectl set-local-rtc 1, ukiiandika kwenye terminali ya Linux, huimaliza shida hiyo.

LibreOffice, programu ya bure ya ofisi, hufungua hati nyingi za Word bila taabu, ila makro za Excel (amri za kujiendesha) mara nyingi hugoma, na Photoshop haina toleo la Linux. Anayeishi kwa programu hizo tutamshauri asiifute Windows.

Ukituletea laptopu, njoo na chaja yake (betri ikizima patisheni zikiwa zinapunguzwa, data inaweza kupotea), ufunguo wa BitLocker wa tarakimu 48, na orodha ya programu unazotumia kila siku.