Nakala za kanzidata zijaribiwe kabla ya ajali

Mhariri,

Kila tunapoambiwa kaunta kwamba "mfumo uko chini", lawama huangukia mtandao. Nimetunza seva za kanzidata, yaani kompyuta zinazohifadhi kumbukumbu za mifumo hiyo, kwa miaka kadhaa, na nashuku kwamba mara nyingi mtandao husingiziwa na tatizo liko kwenye kanzidata yenyewe.

Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za watengenezaji programu, alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya akiba, na takriban gigabaiti 300 zikatoweka. Kosa hilo linaweza kumpata yeyote. Kilichonistaajabisha ni kwamba nakala rudufu za kila siku hazikuwa zikitengenezwa, kwa sababu toleo la programu ya kunakili halikulingana na toleo la PostgreSQL, programu ya kuendesha kanzidata, lililokuwa likitumika, na barua pepe za kuonya hazikumfikia mtu kwa kuwa zilikataliwa njiani. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa yapata saa 6 kabla ya ajali, tena kwa kazi nyingine kabisa.

Naziomba basi ofisi zetu zinazohifadhi kumbukumbu za watu zirejeshe nakala zao kwenye seva ya majaribio angalau mara moja kwa mwezi, na muda uliotumika uandikwe. Mlango namba 5432, ambao kwa kawaida PostgreSQL hupokelea maunganisho, usiachwe wazi kwenye intaneti, wala programu ya malipo isipewe nenosiri la msimamizi mkuu, jambo ambalo, nakiri kwa aibu, nami nimewahi kulifanya.

Wako,
Msomaji, Morogoro