Harambee ya Bonde la Nyinyoro: Korongo Limefika Nyuma ya Darasa

Wazazi, majirani na nyote mliosomea hapa, Assalamu alaikum, Bwana asifiwe.

Tunaona haya kurudi kwenu mapema hivi, hata rangi ya tangi mlilotununulia mwaka jana haijapauka. Lakini mvua haikungoja. Korongo lililoanzia kwenye mtaro wa barabara sasa liko hatua nne kutoka ukuta wa gredi ya tatu.

Jumatatu tulikuta vitunguu vya nyinyoro, lile ua jekundu la bondeni kwetu, vimetapakaa kwenye tope jekundu, mizizi juu, vingine vimeshachomoza. Mtoto wa gredi ya pili alivikusanya kwenye sweta, akavileta ofisini, akauliza kama vinaweza kurudishwa. Tulimnawisha mikono kwanza, maana vina sumu, kisha tukavifukia kwenye karai la mchanga kando ya kabati. Viwili vimechanua. Wageni wanadhani ni pambo.

Kwa aliyesahau: ule mpira mwekundu unaotoka na mvua za kwanza, kabla majani hayajakunjuka vizuri, ni maua madogo yanayoweza kufika 200 juu ya bua moja. Nyinyoro hutaka kivuli na udongo usiotuamisha maji, ndiyo maana imejificha chini ya miti ya bondeni. Miti hiyo hiyo ndiyo iliyoshika ardhi nyuma ya madarasa, mpaka ilipoanza kukatwa kuni. Sisi watu wa Kwale hatuhitaji kufundishwa haya: msitu wa Shimba Hills ndio unaotunza chemchemi ya Marere, na Mombasa imekunywa maji yake miaka mingi.

Tunahitaji shilingi 186,000 za mawe, wavu wa kuyafunga, seng'enge na miche ya kienyeji. Tumepata 61,400, nyingi kutoka kwa akina mama wa mboga wa hapo langoni. Kila masika picha za nyinyoro huzunguka WhatsApp kutoka Nairobi hadi Muscat, "nyumbani ni nyumbani". Wanaopenda picha ni wengi kuliko waliotuma hata mia mbili. Hatumtaji mtu.

Nambari ya M-Pesa ni ile ile ya kamati. Risiti zitabandikwa ubaoni, na mweka hazina atasoma hesabu kwenye mkutano wa wazazi. Mungu awazidishie.

Fundi anataka malipo ya kwanza kabla ya Ijumaa. Jumamosi saa moja asubuhi tunabeba mawe; asiye na pesa aje na jembe, na karai pia, kwa sababu la ofisini lina kazi.