Kabla hujafungua gunia

Mwanangu,

Mama yako kaniambia tarehe ya safari imeshatoka, na tangu jana anauliza maswali ya usalama tu. Hayo mtaongea wenyewe. Mi nataka tuongee mtama, maana ndo tulipoachia siku ile ukanikatia simu.

Ulisema mnaenda Gezira kule Sudan na mbegu bora, mnagawa halafu mnafundisha. Sawa. Ila kabla hujafungua gunia hata moja nenda sokoni kwanza, sikutanii, zunguka kwa wanaouza nafaka uulize huu mtama umetoka wapi, nani ananunua wa kula na nani ananunua wa kupanda. Rwanda baada ya 1994 wataalamu walikimbilia kupeleka maharage wakidhani mbegu zimeisha, kumbe walipochunguza wakakuta aina nyingi bado wakulima wanazo majumbani na zingine zinazunguka masokoni. Kilichoumia zaidi ni viazi, kwa sababu mbegu yake ilitegemea miradi na vituo, vituo vikifa na yenyewe imekufa.

Sasa Gezira ni skimu ya umwagiliaji ya tangu 1925, bwawa la Sennar kwenye Nile ya Bluu, maji yanashuka yenyewe kwa mteremko mpaka shambani. Vita vikaanza Aprili 2023, Desemba RSF, wale wapiganaji wanaopigana na jeshi, wakaingia Wad Medani, mji mkuu wa Gezira, jeshi likaja kuurudisha mji Januari 2025, na hapo katikati benki ya mbegu ya taifa iliyokuwa hapohapo Wad Medani ikaporwa. Mi hiyo habari iliniuma kuliko ya majengo yote, wale watu mtama wanao tangu enzi na enzi. Afadhali kuna akiba kwenye ghala la mbegu la dunia, Svalbard kule Norway, na Februari 2025 Wasudani wakapeleka nyingine. Lakini mbegu ya Svalbard ni vipakti vidogo, ya mtafiti kuizalisha upya taratibu, siyo ya mtu anayetaka kupanda mwezi wa sita.

Mkulima akikwambia hana mbegu muulize tena kwa njia nyingine. Huenda anayo ila mfereji umejaa tope, au trekta limeibiwa, au hana hela ya vibarua, au anaogopa kukanyaga shamba lenye mabomu ambayo hayajalipuka. Huyo ukimpa gunia atakushukuru, mtapiga picha, atakwenda kula. Yalinikuta. Nikiwa bwana shamba kijana tuliletewa mbegu za msaada zimepakwa ile dawa ya pinki yenye sumu, zikafika mvua imeshakata, watu wakaziosha wakapika. Tulizunguka nyumba kwa nyumba tukiwaomba wasile, halafu ripoti iliyokwenda juu ikaandikwa kaya zote zimenufaika, na aliyesaini ni mimi. Sijawahi kukwambia hilo.

Usije ukadhani napinga mbegu mpya. Gebisa Ejeta, yule mtafiti wa Ethiopia, alifanya kazi hukohuko Sudan, 1983 ukatoka mtama wake chotara Hageen Dura-1 unaovumilia ukame, na wakulima waliupokea. Baadaye akahangaika na kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama, miaka na miaka mpaka 2009 akapewa Tuzo ya Chakula Duniani. Ila chotara lazima awepo mtu wa kuizalisha kila msimu, mkulima akihifadhi ya kwake mwakani inamgeuka, kwahiyo ulizia kwanza kama wazalishaji bado wapo au na wao walikimbia. Kama walikimbia, mbegu za kienyeji za sokoni ndo mtaji wako mwaka huu, upende usipende, na hela ya magunia bora mkazibulie mifereji. Najua bosi wako hatafurahi, mifereji haipendezi kwenye picha.

Halafu ukikuta kiduha shambani nipigie picha ya karibu, maua na shina, nataka kuona kama ni kilekile chetu. Na mama yako akipiga pokea, hata kama uko kwenye kikao.

Baba yako