Faili ya AMR Haigeuki MP3 kwa Kubadilishwa Jina

Tumeambiwa tena kwamba sisi, mafundi wa kugeuza faili za sauti, ni wezi. Mteja alileta rekodi ya saa moja kutoka Nokia ya zamani, faili ya AMR ya kama MB 5.5. Tukampa MP3 ya karibu MB 29. Akasikiliza pale kaunta, akavua hedifoni: "Sauti ni ileile! Mmeniongezea uzito tu?"

Ni kweli, sauti ni ileile, na hiyo ndiyo kazi aliyolipia. AMR iliundwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu, enzi ambayo nafasi ilikuwa ghali. Inapima sauti mara 8,000 kwa sekunde, kwa hiyo sauti yoyote nyembamba na kali, iliyo juu ya hezi 4,000, haimo. Dakika nzima huingia kwenye KB 90 hivi. Kilichokatwa siku ya kurekodi hatuwezi kukirudisha sisi hapa Kisumu, hata mtu akisisitiza tuweke MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde. Atapata faili ya MB 144 na sauti yake ya zamani. Kwa rekodi ya mazungumzo tu, kilobiti 64 zinatosha kabisa. Kuna mama alituletea nyatiti iliyorekodiwa matangani huko Siaya. Maneno ya mwimbaji yalisikika vizuri, lakini ule mlio mkali wa nyuzi haukuwamo. Tulimweleza kabla ya kupokea pesa yake, na hivyo ndivyo tunavyofanya kwa kila mtu.

Sasa tuje kwa ujanja. Watu wengi hufuta herufi "amr" mwishoni mwa jina wakaandika "mp3", kisha wanashangaa redio ya gari ikikataa. Kuna simu zinazosamehe na kuicheza, ndiyo maana mtu anaapa kwamba "ilikuwa inafanya". Ikifika hapa tunaifungua kwa programu ya kuandikia, na mwanzoni kabisa tunakuta #!AMR. Jina ni la nje tu.

Hiyo angalau haiharibu kitu. Kinachotuumiza ni kuweka simu mbili meza moja, ya zamani ikicheza na mpya ikirekodi. Mzee mmoja kutoka Ahero alikuja na rekodi ya namna hiyo: marehemu baba yake akieleza mipaka ya shamba, na katikati ya maelezo jogoo anawika, bodaboda inapita, mtoto anaitwa kuja kula. Tukamwomba faili ya kwanza. Mkwe wake alikuwa ameshafuta memori kadi na kujaza nyimbo za ohangla juu yake. Bahati ya AMR ni kwamba imekatwa vipande vya milisekunde 20, basi hata kipande kilichosalia kinaweza kuchezeka kikiandikiwa upya mwanzoni ile #!AMR. Tulichimba, tukapata sehemu, si yote. Kazi ya shilingi 200 ikawa ya 3,000. Na hapo ndipo tunaitwa wezi, mkwe hasemwi!

Kwa hiyo ukifuta kitu kwa bahati mbaya, toa kadi kwenye simu na usiweke chochote juu yake. Ukitaka kututumia faili kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Usiicheze na kuirekodi upya kama ujumbe wa sauti.

"Lakini kuna tovuti za bure." Zipo, na programu tunayotumia sisi, FFmpeg, pia ni ya bure; hatuna siri hapo. Ila ukipandisha wosia wa familia kwenye tovuti usiyoijua, umeukabidhi kwa watu usiowajua. Tena nyingine huacha MP3 kwenye kipimo kilekile cha 8,000, ambacho vichezeshi kadhaa vya magari havikisomi. Sisi huipandisha hadi 44,100 ili isomeke. Haiboreshi sauti, inafungua mlango tu. Kisha tunasikiliza mwanzo, katikati na mwisho, tunalinganisha urefu na ule wa faili ya kwanza, na tunakurudishia zote mbili kwenye flashi. Ile ya kwanza usiifute hata kama MP3 inacheza vizuri. Masikio ya fundi ndiyo yenye bei, na 200 kwa faili isiyozidi saa moja hatuoni kama ni nyingi.

WMA, yaani faili za sauti za Microsoft, tunapokea pia, isipokuwa zile zilizonunuliwa zikiwa na kufuli ya leseni. Hizo tunazirudisha bila kutoza. Kaseti zina bei yake, maana tunaicheza kwa mwendo wake wa kawaida: ya dakika 90 ni dakika 45 kila upande, na mtu amekaa hapo akisikiliza. Ukija na kaseti asubuhi, ichukue jioni.