Barua ya kufunga muhula: umeme wa maabara ya kompyuta

Ofisi ya Mkuu wa Shule,
Newala, Mtwara.
Juni

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA NA MATUMIZI YA MAABARA YA KOMPYUTA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Shule inafungwa Ijumaa hii. Alama, tarehe ya kurudi na maoni ya mwalimu wa darasa vimo kwenye ripoti. Isome, uisaini, mtoto airudishe. Kidato cha Nne wanabaki kambini. Wa vidato vingine najua wengi watakuwa mashambani kupulizia mikorosho. Wafunike pua na mdomo, salfa si ya kuvuta, na jioni wapewe japo saa moja ya daftari.

Sasa la maabara, maana ndilo linaloletwa ofisini kila wiki.

Muhula huu kompyuta zote 20 zimewekewa programu ndogo ya wakala. Inakaa kimya ndani ya kila mashine ikisubiri amri kutoka kompyuta ya mwalimu wa TEHAMA: zima, washa upya, lala. Zamani kuzima ilikuwa kazi ya viranja, na siku ya mpira hakuna aliyekumbuka. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake ikiwa kazini hula kama wati 100. Zidisha kwa 20, kisha kwa saa 12 za usiku: uniti 24 za LUKU zimekwenda kuwamulikia popo.

Kwenye kikao mzazi mmoja aliuliza swali zuri: mashine iliyozimwa inasikiaje amri ya kuwaka? Kwa kweli wakala naye hulala mashine ikizimwa. Anayebaki macho ni kadi ya mtandao. Pita nyuma ya kompyuta iliyozimwa vizuri utaona kitaa kidogo kinakonyeza pale kebo ya mtandao inapoingia. Kadi inapata umeme kidogo mno, wa kusubiri tu. Ikitumiwa ujumbe mfupi wenye anwani yake iliyorudiwa mara 16, inajitambua na kuiamsha mashine nzima.

Ndiyo maana sikukubali pendekezo la kushusha swichi kubwa kila jioni. Swichi ikishuka, kitaa kinazimika, na asubuhi kipindi cha kwanza kinaishia kubonyeza mashine moja moja. Tena kompyuta ikikatiwa umeme ghafla huku inaandika, mafaili huharibika, na mara nyingine diski yenyewe. Likizo ya Desemba ni habari nyingine: mvua na radi zikianza, plagi zote zinachomolewa ukutani, wakala apende asipende.

Kuhusu binti wa Kidato cha Tatu aliyekuwa anamalizia jedwali lake mashine ikazimika: mama yake alikuja, na nilimwelewa. Amri ya saa 12:00 jioni haijui nani yuko kwenye kiti. Kwa hiyo sasa dakika 10 kabla, onyo linatokea kwenye kila kioo. Mwanafunzi anahifadhi kazi yake. Akihitaji muda zaidi anamwambia mwalimu wa zamu, naye anaitoa mashine hiyo kwenye orodha ya kuzimwa. Mchana hakuna kuzima, kwa kuwa kompyuta moja inatumiwa na watoto watatu kwa zamu. Anayemaliza anatoka kwenye akaunti yake tu, anamwachia mwenzake.

Wapo walioambiwa kwamba programu hii inachungulia simu za watoto. Haigusi simu (ambazo, tukumbushane, haziruhusiwi shuleni). Lakini sitawaficha: programu za aina hii nyingi zinaweza kumwonyesha mwalimu kilichopo kwenye kioo cha mwanafunzi. Hapo nimekuwa mkali. Itatumika wakati wa kipindi tu, wanafunzi wakijua, na hakuna kurekodi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za watoto pia. Nywila ya kuzima na kuwasha wanayo wawili, mwalimu wa TEHAMA na makamu wangu. Mimi sina, na sijaiomba. Mtu anayeweza kuzima mashine 20 kwa kubonyeza mara moja anaweza pia kuvuruga mtihani mzima wa vitendo. Amri zinatoka ndani ya shule peke yake. Mwalimu angefurahi kuzima akiwa nyumbani kwake kupitia intaneti, lakini mlango huo ukifunguliwa kwake unafunguka na kwa wengine.

Limebaki ombi. Mashine tatu za upande wa dirisha haziamki asubuhi, na programu haina kosa: soketi zimelegea, ukigusa plagi kitaa kinazimika. Sichangishi fedha. Kama kuna mzazi fundi umeme mwenye leseni, aje Jumamosi ya kwanza ya likizo, saa 3:00 asubuhi, aulizie kwa makamu. Chai na mihogo vitakuwepo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkuu wa Shule