Kwa kamati za ndoa za Lubumbashi: mkamsikilize DJ saa ya chakula

Wanangu wa kamati za ndoa, wa mitaa ya Katuba, Kenya, Kampemba, Ruashi na kwingineko,

Nawasalimu. Kiangazi kimeingia, Jumamosi zote ni honi na misafara ya magari yenye maua, na najua madaftari ya michango yameshafunguliwa. Nawaona mnavyobishana juu ya kitenge cha familia na kreti za bia ya Simba mpaka usiku unaingia, halafu DJ anapatikana kwa dakika mbili: "Kuna kijana mmoja, yuko moto sana." Yuko moto saa ngapi?

Ombi langu ni hili. Kabla hamjatoa avansi, mtumeni mmoja wenu akamsikilize kwenye arusi ya watu wengine, na aende mapema, saa mbili ya usiku, sahani zinapogawiwa. Usiku wa manane chupa zimeshazunguka, na hata redio ya mlinzi ingewachezesha watu. Saa ya chakula ndiyo ngumu. Familia mbili zilizokuwa zikivutana juu ya mahari juzijuzi zimeketishwa meza jirani, na wakwe bado wanatafutana maneno. DJ anayeijua kazi anashusha sauti, anaweka rumba ya gitaa la taratibu, watu wanakula na kuongea. Asiyeijua anafungulia spika zote, na baba mkwe anabaki kutazama samaki wake.

Huyo mliyemtuma aketi meza ya wazee. Kama inambidi apaze sauti ili jirani yake amsikie, ameshapata jibu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 kiwango cha kumbi za muziki: wastani usizidi desibeli 100 katika dakika 15. Na hicho ni kikomo cha ukumbi ambao watu wamekwenda kucheza, si cha bibi wa miaka 80 aliyewekwa kando ya spika eti ndiyo meza ya heshima. Spika zisogezwe zielekee uwanja wa kuchezea. DJ mzuri anafika mchana na kuuliza wazee wataketi wapi.

Sasa muziki wenyewe, maana hapa ndipo panaponiuma. Desemba 2021 UNESCO iliingiza rumba ya Kongo katika urithi wa utamaduni wa dunia, tukapiga vigelegele. Lakini rumba ina mwendo wake. Kwanza waimbaji wanaimba polepole, gitaa likiwasindikiza. Ndipo seben inapoingia, sauti zinapisha, magitaa yanashika kasi, na mtu aliyekuwa ameketi anainuka. Vijana wetu waliojifunza kazi kwenye klabu wanakata kila wimbo baada ya dakika moja na nusu. Nilikuwa kwenye arusi moja Kampemba, shangazi wa bibi arusi akaisikia rumba ya ujana wake. Akavua viatu, akavisukuma chini ya meza kwa kisigino, akakaza kitenge kiunoni, akapita katikati ya viti huku mabega yameshaanza kazi. Alipofika uwanjani, DJ akabadilisha. Shangazi alirudi akijifanya alikuwa anakwenda kuchukua maji. Ndoa ile ilikuwa na keki ya ngazi tano.

Basi mkimhoji DJ, msimuulize ana nyimbo ngapi. Siku hizi kila mtu anazo maelfu. Mwambieni awapigie rumba moja papo hapo, mwone kama ataiacha ifike seben.

Muulizeni pia kama anaelewa maneno ya anachopiga. Nyimbo nyingi tamu za rumba ni vilio vya mtu aliyeachwa, na mimi nimeona maarusi wakiingia ukumbini kwa tabasamu huku mwimbaji akimlaani mwanamke aliyemkimbia. Watu wa Kinshasa waliokuwa meza yetu, wanaoijua Lingala ya nyimbo hizo, walicheka hadi machozi. Halafu kuna mabanga, yale majina ya matajiri na wanasiasa yanayotajwa ndani ya wimbo. Kuna familia ambazo jina moja tu likitajwa, meza nzima inanuna.

Mji huu una watu wa kila upande. Mkiwa na wakwe wa Kasai, mutuashi, ngoma yao ya kuchezesha kiuno, haikosekani. Tshala Muana aliyeipeleka duniani alizaliwa hapahapa mwaka 1958, mji ukiitwa bado Élisabethville. Mkiwa na watu wa upande wa mto Luapula, au wazee wa mitaa yetu hii, wataulizia karindula, lile banjo kubwa la pipa na ngozi ya mbuzi. Ombeni kila familia iandike nyimbo kumi, DJ azipate wiki moja kabla. Kama upande mmoja ni wa kanisa la uamsho na unataka Injili peke yake, maneno hayo yaishe kwa wazazi, nyumbani. Msimwachie kijana wa watu aamue mbele ya wageni.

Mengine ni mafupi. Nyimbo ziwe ndani ya kompyuta, asitegemee intaneti. Jenereta iwepo, na iandikwe nani ananunua mafuta. Umeme ukikatika kompyuta ina betri yake, lakini spika hazina. Friji za vinywaji zisichomekwe waya mmoja na amplifaya. MC awe mtu mwingine, na asisimame na maikrofoni mbele ya spika, ule mlio unatoboa masikio. Bei ya saa za ziada iandikwe, kwa sababu sijaona bado arusi ya Lubumbashi iliyokwisha saa iliyoandikwa kwenye kadi. Na wakati wa zawadi, asikate wimbo kabla mtu wa mwisho kwenye mstari hajafika kwa maarusi, hata kama amebeba sufuria moja tu.

Mkishampata, mwacheni afanye kazi. Chagueni mtu mmoja wa kamati wa kumpelekea maombi ya nyimbo, na baba mdogo yeyote atakayeinuka na flashi yake ya nyimbo mfukoni aelekezwe kwa huyo.

Wenu,
Mama mzee wa Katuba